Tiketi za bei ya wanafunzi Mombasa: Fort Jesus, Haller Park au bustani ya maji Nyali?

MamaZulekha_Kisauni

Assalaam aleykum, na hamjambo nyote. Naomba msaada wenu kabla sijatoa pesa za watu.

Darasa la mwanangu ni Gredi ya 4, watoto 42. Wazazi wamenichagua mimi nishughulikie tripu ya mwezi wa 7. Watakwenda walimu 3 na wazazi 2. Basi la shule lipo. Kilichobaki ni tiketi, na hapo ndipo nimekwama, maana kila mtu ananiambia kuna "bei ya elimu" lakini hakuna anayenieleza inapatikana vipi.

Tunavutana kati ya safari tatu. Ya kwanza ni ngome ya Fort Jesus asubuhi, halafu boti la sakafu ya kioo kwenye hifadhi ya bahari ya Mombasa. Ya pili ni Haller Park, ile bustani ya wanyama na miti kule Bamburi. Ya tatu ni Wild Waters, bustani ya maji kule Nyali, na hiyo ndiyo watoto wenyewe wanayoililia.

Juzi kaka mmoja alinitumia ujumbe wa WhatsApp kwamba anazo tiketi za mpango wa elimu za mahali kadhaa kwa bei ya chini, nimtumie pesa kwa M-Pesa leo leo kabla hazijaisha. Wazazi wengine wananihimiza nichukue. Mimi moyo wangu mzito. Kuna mzazi anayefulia watu nguo ili mtoto wake asikose tripu hii. Sitaki nimrudie nikamwambie pesa zimeliwa.

MwalimuKongowea

Wa aleyki salaam, Mama Zulekha. Usimtumie huyo kaka hata shilingi moja.

Bei ya wanafunzi ni makubaliano kati ya shule na mahali penyewe. Shule inaandika barua yenye kichwa chake, muhuri na sahihi ya mkuu wa shule. Ndani mnataja tarehe, idadi ya watoto, gredi, idadi ya walimu, na mada mnayokwenda kusoma. Hiyo mada wengi huisahau, na ndiyo sababu yenyewe ya kupunguziwa. Wakikubali, mnalipa kwa jina la shule na risiti inatoka kwa jina la shule.

Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Taifa. Hifadhi ya bahari iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Kote kuwili malipo hupitia eCitizen, mtandao wa serikali, na KWS wanataka ombi la bei ya wanafunzi liwafikie mapema, si siku mnayosimama getini. Sasa huyo kaka ana nini cha kukuuzia?

Jambo la pili, angalia kwanza bei ya kawaida ya mtoto aliye raia. Sehemu nyingi kwetu Kenya zina viwango tofauti vya raia, vya wakaazi na vya wageni, na mtoto raia hulipa kidogo mno. Nimeona watu wakiuziwa "punguzo" ambalo ni bei ile ile iliyobandikwa ukutani.

BintiMajengo

Alilosema mwalimu limenipata mimi mwenyewe. Mahali sipataji, wala mtu simtaji.

Tulikuwa na watoto 31 wa mtaani kwetu, si wa shule moja. Tukapata mtu akatuuzia tiketi za kikundi cha elimu, karatasi nzuri zenye nambari. Tulikwenda Jumamosi ya likizo. Getini mlinzi akaniuliza, "Mwalimu wenu yuko wapi? Orodha ya majina iko wapi?" Sina. Akanionyesha maandishi madogo chini ya karatasi: siku za shule pekee, na jina la taasisi ambayo sijawahi kuisikia. Tiketi zilikuwa za kweli lakini hazikuwa zetu.

Tukakaa chini ya mwarobaini zaidi ya saa nzima, watoto wamekumbatia mifuko yao ya chakula. Mwishowe tukachanga upya kwa bei ya kawaida, na nilipopiga hesabu nikakuta bei hiyo ilizidi ile ya tiketi za punguzo kwa shilingi 50 tu kwa kila mtoto. Kwa shilingi 50 hizo tulilipa mara mbili. Mtoto mmoja mdogo alikuwa akiniuliza kila mara, "Bi Maryam, tumekosa nini?" Swali hilo mpaka leo linanichoma.

Msafiri_wa_Ganjoni

Niko Orlando, Florida, mwaka wa tano sasa, na nimefurahi kuona mnazungumzia jambo hili, kwa sababu huku ni vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa. Disney wana mpango wa elimu kwa makundi ya vijana, siku hizi unaitwa Disney Imagination Campus. Tiketi zake ni nafuu, lakini zinakwenda pamoja na darasa lenyewe: wanafunzi wanaingia kikao cha sayansi au sanaa ndani ya bustani yao ya burudani, wakiongozwa na mwalimu wa Disney. Na tiketi ikishatumiwa siku ya kwanza imefungwa kwa mtu huyo; pale getini wanapima kidole. Huwezi kutumia siku mbili wewe na siku mbili ukampa binamu yako.

Hata hivyo watu huuziana siku zilizobaki, na wanaonunua wanarudishwa mlangoni. Msisitizo wangu kwako dada: uliza tiketi ni ya nani, ni ya siku gani, na kikao cha masomo ni saa ngapi. Muuzaji asiyejua saa ya kikao hana tiketi ya elimu.

Baba_Mvinje

Mama Zulekha, nimefanya kazi za miti upande wa Bamburi miaka mingi, kwa hiyo nitapendelea Haller Park na nitakueleza kwa nini.

Pale palikuwa machimbo. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1954, wakachimba mwamba wa matumbawe mpaka pakabaki shimo jeupe, jua linapiga, maji ya chumvi yako karibu chini, hakuna udongo hata wa kujaza kiganja. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba kutoka Uswisi, akaanza kupanda miti humo. Mingi ilikufa. Mvinje ukashika. Mvinje hauogopi chumvi, na mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani.

Likatokea tatizo jingine. Majani ya mvinje ni kama sindano, yakianguka hayaozi, yanarundikana tu. Ndipo wakaletwa jongoo. Hawa hawa wakubwa ambao watoto wetu huwaita treni. Wakawa wanakula zile sindano, na kinyesi chao pamoja na kazi ya vijidudu kikawa udongo. Udongo ukazaa miti mingine, miti ikaleta ndege, na leo mtoto anasimama chini ya kivuli kizito mahali ambapo babu yake aliona jangwa.

Mtoto wa Gredi ya 4 ukimwonyesha jongoo mmoja na kiganja cha udongo, somo la mazingira limeisha na hatalisahau. Twiga watamfurahisha, mamba watamtisha, na kisa cha kiboko Owen aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe mkubwa Mzee atakipenda. Lakini mwombeni mwongozaji aanze na jongoo. Mkiandika barua, tajeni "ukarabati wa machimbo" kama mada. Ulizeni pia saa za kulisha wanyama siku hiyo mpange ratiba kwa saa hizo. Wanaofika nje ya saa hizo huona migongo ya viboko tu.

Mkaazi_wa_MjiWaKale

Baba Mvinje nakuheshimu, lakini Ngomeni, yaani Fort Jesus, msipaache.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waarabu wa Oman wakaizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa ndani kwa njaa na maradhi. Waingereza wakaifanya jela mpaka 1958. Mwaka 2011 ikaingia kwenye orodha ya UNESCO. Yote hayo mtoto anayagusa kwa mkono: mizinga, michoro ya Wareno ukutani, vyombo vilivyotolewa kwenye ile meli yao iliyozama mwaka 1697 pale pale mbele ya ngome.

Na kwa upande wa pesa, hapa ndipo penye unafuu wa kweli. Makavazi wana idara ya elimu. Mkiomba mapema, watoto wanapata mtu wa kuwasomesha kabla ya kuzunguka. Bila hivyo watoto 42 wanakimbizana juu ya kuta, wanapiga picha, wanarudi nyumbani hawajui hata nani alimtoa nani.

NahodhaWaNyali

Boti la kioo mwezi wa 7, mimi nasema hapana. Ni msimu wa kusi. Bahari inachafuka, maji yana mchanga, mnatazama kupitia kioo mnaona ukungu. Hifadhi ile ni nzuri wakati wa kaskazi, Januari na Februari, maji yametulia. Hata hapo pangeni kwa kuangalia mwezi: siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yakipwa matumbawe yanakaribia kutoka nje na boti halipiti popote. Punguzo halisaidii kitu kama hakuna cha kuona.

MamaPendo_Likoni

Naona bustani ya maji haina mtetezi, basi nitaitetea mimi. Watoto wetu hawachezi. Wanatoka shule saa kumi, wanaingia masomo ya ziada, wanalala. Siku moja ya kuteleza kwenye maji na kucheka si dhambi.

Lakini msiiandikie barua ya elimu. Semeni ukweli, ombeni bei ya kundi la shule kwa siku ya katikati ya wiki, watu wanapokuwa wachache. Ulizeni mambo haya kabla ya bei: walinzi wa kuokoa watoto majini wako wangapi, urefu gani wa mtoto unaruhusiwa kwenye kila telezi, chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa au ni lazima mnunue ndani. Hilo la chakula ndilo linalokula akiba yote. Tuseme wamewapunguzia shilingi 150 kwa kila mtoto. Kwa watoto 42 hiyo ni 6,300. Halafu kila mtoto akalazimika kununua chipsi na soda ya shilingi 300, mmetoa 12,600. Bora bei kamili na pilau ya kwetu kwenye ndoo.

Na watu wazima 5 kwa watoto 42 majini, mimi mwanangu simtoi.

DerevaPwani

Kwa ufupi kutoka kwenye usukani: msiunganishe Fort Jesus na Haller siku moja. Kwenye ramani ni karibu. Daraja la Nyali jioni si la kuhesabia dakika, na pale Kongowea watu na mikokoteni wanajaa barabara. Chagueni upande mmoja. Mnaotoka Kisauni, Bamburi ni njia yenu, hamvuki daraja.

MamaZulekha_Kisauni

Mmenitoa usingizini, shukran sana. Jana tulikaa na walimu na nikawasomea majibu yenu yote.

Mwezi wa 7 tunakwenda Haller Park, siku ya Jumatano. Barua imeandikwa, mada ni ukarabati wa machimbo, orodha ya majina 42 imebandikwa nyuma yake ikiwa na muhuri. Nimeuliza pia kama walimu wanahesabiwa ndani ya bei hiyo au kila mmoja analipa kivyake, bado nasubiri jibu. Fort Jesus tumeiweka muhula wa tatu, na mwalimu wa masomo ya jamii ataiandikia idara ya elimu mwenyewe. Boti la kioo tumeliacha mpaka kaskazi irudi. Bustani ya maji itakuwa ya likizo, kila mzazi na mtoto wake, kwa bei ya kawaida. MamaPendo, hesabu yako ya chipsi ndiyo iliyowanyamazisha akina baba.

Yule kaka wa WhatsApp alinipigia tena. Nikamwomba anitajie jina la shule lililoandikwa kwenye tiketi zake, na kikao cha masomo ni saa ngapi. Akakata simu.

Baba Mvinje, swali moja: mwezi wa 7 jongoo tutawaona? Mwanangu ameshaanza kuuliza.

Baba_Mvinje

Mkifika mapema mtawaona. Asubuhi, kabla jua halijakausha majani, angalieni chini ya mivinje penye unyevu. Mtoto afunue majani kwa kijiti, taratibu, kisha ayarudishe kama yalivyokuwa. Jongoo akijiviringisha asilazimishwe. Mkae kimya kidogo, atajifungua mwenyewe na kuendelea na kazi yake.