Tope la kiwandani limekutwa na risasi (madini ya lead) 160, dereva anataka kulimwaga Pugu. Wakuu ushauri

mchovya_zinki:
Wakuu habari za saa hizi. Nyie wa maabara na mazingira naombeni msaada, nipo kiwanda kidogo hapa Dar tunachovya vyuma kwenye zinki sasa lile tope linalobaki tukishasafisha maji machafu limejaa madramu nyuma ya stoo na mvua ndo hizo zinakuja. Tulipeleka sampo maabara majibu ni haya: zinki 41,000, risasi 160, kromiamu 35, kadimiamu 3, zote mg/kg, pH (kipimo cha asidi na alkali) 8.9. Bosi kagugo kakuta kikomo cha risasi cha Wamarekani ni 5, kapaniki, na ile 41,000 ndo imemmaliza kabisa. Huku mwenye lori anasema yeye hana haja na makaratasi, tumpe hela tope liende dampo la Pugu Kinyamwezi na taka zingine. Hii ni taka hatarishi au sio?

Babu wa Gongo la Mboto:
Ngoja waje 🪑

kemia_ya_kitaa:
Mkuu bosi wako analinganisha vitu viwili tofauti. Hiyo 160 ni risasi yote iliyomo ndani ya kilo moja ya tope. Ile 5 ni mg kwa lita, yaani kiasi kinachochujika na kutoka na maji, na hicho kinapimwa kwa kipimo kingine kinaitwa TCLP. Wanachukua tope wanaliloweka kwenye maji yenye asidi ya siki, uzito wa maji mara 20 ya tope, linazungushwa masaa kama 18 halafu wanachuja na kupima yale maji. Siki kwa sababu dampo la mjini lina maganda na mabaki ya chakula, yakioza yanatoa asidi na hiyo ndo inayokamua risasi mpaka inafika kwenye visima vya watu. Kwa hiyo Pugu ndo pabaya zaidi kwa tope lako, dereva hajui tu.

Kabla hujalipa hela ya TCLP gawanya majibu yako kwa 20, maana maji ni mara 20 ya tope, hata ikitoka yote haizidi hapo. Kromiamu 35 inakuja 1.75, kikomo 5, salama. Kadimiamu 0.15, kikomo 1, salama. Risasi 8. Hapo hata isipotoka yote unaweza ukavuka, kwa hiyo TCLP ya risasi lazima, hizo mbili nyingine usipoteze hela. Zinki haimo kabisa kwenye orodha ya TCLP japo haimaanishi umwage mtoni, samaki inawaua.

Mzee wa Tandika:
Changanya na mchanga dramu kwa dramu, 160 inakuwa 80, ukigawa kwa 20 unapata 4. Kesi imeisha 😂

kemia_ya_kitaa:
@Mzee wa Tandika risasi ni ile ile mzee, umeongeza mzigo tu na nauli. Wenye kipimo chao wenyewe wanakataza hiyo. Kugandisha kwa saruji ndo njia inayokubalika ila nayo ina masharti, pH ikipanda sana risasi inaanza kuyeyuka upya, na baada ya hapo unapima tena.

dada_sampuli:
Mi naulizia sampo, nani alichukua na kutoka wapi? Maana tope linatuama, juu maji chini mzito na metali nzito ziko chini huko.

mchovya_zinki:
Dada, kijana wa stoo alichota dramu moja ya mlangoni, kwenye chupa ya maji ya kunywa.

dada_sampuli:
Basi hayo majibu ni ya hiyo dramu mdogo wangu, sio ya tope lenu. Chomeka bomba kuanzia juu mpaka chini, madramu kadhaa ya tarehe tofauti, uchanganye, chombo kipya kisafi, andika tarehe na aliyechukua na kila aliyepokea asaini. Mkaguzi akija hiyo karatasi ndo ataanza nayo. Na kabla hujapeleka popote uliza NEMC (baraza la mazingira la taifa) wanakubali kipimo gani na maabara ipi, Mkemia Mkuu wa Serikali nao wanapima, usije ukalipa mara mbili.

pwani_254:
Huku kwetu Mombasa ulizeni watu wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia risasi mpaka kwa damu ya watoto. 2020 korti ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3 na serikali ikawekwa ndani ya kesi vilevile. Mwambie bosi wako apige hesabu ya hiyo kwanza ndio aite lori.

mchovya_zinki:
Asanteni sana wakuu, nimemtumia bosi screenshot kanyamaza. Yule wa lori nimemuuliza kibali cha kubeba taka hatarishi kakata simu. Sasa hivi tunasogeza madramu chini ya bati, sakafu ya zege ipo ila haina ukingo, nijenge tofali ngapi kwenda juu?

dada_sampuli:
Pima ujazo wa dramu kubwa kuliko zote, ukingo uweze kushika angalau hilo lote likipasuka, na ukiweza ongeza. Na mfereji wa mvua usipite hapo.