Msumeno mpya wa meza: bledi mnainyoosha kwa geji ya saa, skwea au kijiti?

MbaoMbili
Wakuu, habari za kazi. Msumeno wangu umefika. Ni ule mzito, meza ya chuma cha kusubu, bledi ya milimita 254, mota imo ndani ya kabati lililobeba meza. Mabawa (vipande vya kupanua meza) na fensi (ukuta wa kuegemezea mbao ikikatwa) nimeshafunga, ila sijauwasha. Kijitabu kinaagiza bledi iwe sambamba na mfereji wa meza (ule mfuo mrefu juu ya meza) kabla sijakata chochote, halafu kinanyamaza. Hakisemi nipime na nini. Nimesikia njia tatu: geji ya saa (ile yenye mshale), skwea ya rula inayoteleza, na kijiti chenye skrubu. Ipi inatosha kwa karakana ya nyumbani? Swali dogo la pili: niuweke juu ya magurudumu au ukae palepale?

Mshale_Haudanganyi
Geji ya saa, mkuu. Ifunge kwenye kipande cha mbao ngumu kinachoteleza mferejini bila kuchezacheza, ncha iguse bledi mbele, weka mshale kwenye sifuri, sogeza hadi nyuma, soma. Unapata tofauti kwa sehemu za mia za milimita. Mimi siachi hadi iwe chini ya 0.1 mm. Ukishakuwa na namba hubishani na mtu.

BiRanda
Ndugu yangu Mshale, namba nzuri, lakini kazi hii haihitaji namba. Inahitaji kujua mbele na nyuma ni sawa au si sawa. Chukua kijiti kilichonyooka, kibane kwenye geji ya pembe (ile ya kusukumia mbao kwa pembe) inayoteleza mferejini, piga skrubu kwenye ncha yake upande wa bledi. Zungusha skrubu hadi kichwa kiguse jino kwa shida. Peleka nyuma. Kikigonga au kikiacha mwanya, umeshajua.

Ukitaka kujua mwanya ni mkubwa kiasi gani, karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa karibu 0.1 mm. Ingiza moja, ingiza mbili. Geji yangu ya saa imelala kwenye droo tangu nigundue hivyo.

Kisogoni
Mimi ni wa skwea, na nitasema ubaya wake mwenyewe: ukiikaza rula kidogo tu inasogea, na ukisukuma mwili wake mferejini kwa mkono mzito leo na mwepesi kesho unapata majibu mawili. Inafaa kwa ukaguzi wa haraka, kunyooshea sipendekezi.

Ila hakuna aliyemwambia mgeni jambo ambalo linaharibu njia zote tatu. MbaoMbili, pima jino LILELILE. Liwekee alama ya kalamu, lipime likiwa mbele, kisha zungusha bledi kwa mkono jino hilo lije nyuma, lipime tena. Ukipima jino la mbele na jino jingine la nyuma unapima na kuyumba kwa bledi yenyewe, na meno pia hayajapinda sawasawa kulia na kushoto. Nilipoteza siku nzima nikigonga meza iliyokuwa haina kosa. Na chomoa plagi. Si kuzima swichi, kuchomoa.

MbaoMbili
Asante Kisogoni, hilo la jino moja sikulijua kabisa. Nimetumia kijiti cha BiRanda, jino moja lenye alama. Mbele kinagusa, nyuma zinapita karatasi nne! Sasa nalegeza nini? Bledi au meza?

Mshale_Haudanganyi
Karatasi nne ni kama 0.4, hiyo ni nyingi. Mbao itakuwa inasuguana na meno ya nyuma, na hapo ndipo inapochomeka, na ndipo inaporushwa kukurudia. Bledi hiyo ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda takriban mita 53 kwa sekunde. Usisimame kwenye mstari wa bledi hata siku moja.

Kwa kuwa mota yako imefungwa kwenye kabati, husogezi bledi, unasogeza meza. Zile bolti nne zinazoshika meza na kabati: legeza tatu, ya nne iache imekaza nusu iwe kama bawaba. Gonga ukingo wa meza kwa nyundo ya mbao, pole pole. Pima. Gonga. Kaza bolti moja, pima tena, maana kukaza kwenyewe kunasogeza. Kwenye misumeno ambayo mota inaning'inia chini ya meza ni kinyume, unalegeza bolti za huko chini na unagonga mle ndani, kazi ya kukunja mgongo.

BiRanda
Na fensi iwe ya mwisho. Wengi wananyoosha fensi kwa bledi, halafu wanasogeza meza, wanaanza upya. Mfereji umo kwenye meza yenyewe, haunyooshwi peke yake, huo ndio wa kuanzia: mfereji, bledi, fensi, kisha geji ya pembe.

Kisogoni
Kwenye fensi mimi huacha nyuma iwe wazi kwa karatasi moja.

BiRanda
Ukikata na pande zote mbili za bledi, uwazi huo unageuka kubana upande wa pili. Sambamba kabisa, basi.

Kisogoni
Sijawahi kuweka fensi kushoto, dada, ndiyo maana hainisumbui. 😄

Vumbi_Pua
Naongeza kuhusu kile kibati kinachosimama nyuma ya bledi kuzuia mbao isibane. Usikitupe kabatini. Kiwe kinene kuliko bamba la bledi, chembamba kuliko njia ambayo meno yanakata. Ukinunua bledi nyembamba inayokata njia ya 2.4 mm na kibati chako kimeandikwa 2.5, mbao itakwama katikati ya kazi. Na kwa nyuzi 90 usiiamini skwea kwenye meno: pasua kipande, kigeuze nusu moja juu chini, viunganishe juu ya meza. Mwanya unaouona ni kosa lako mara mbili.

Magurudumu sawa, mradi yana kufuli na mashine haitingishiki ikishasimama. Plaiwudi ya 1220 kwa 2440 inahitaji nafasi mbele na nyuma, na wengi wetu hatuna isipokuwa kwa kusogeza.

MbaoMbili
Mrejesho. Nimegonga kwa saa moja na nusu, mara mbili nilipitiliza. Sasa karatasi moja inashika mbele na inashika nyuma. Mbao ya kwanza imepasuka safi, hakuna weusi wa kuungua. Lakini nimeilaza bledi nyuzi 45 nikapima tena kwa sababu ya ubishi tu, na karatasi tatu zinapita nyuma. Nimekosea wapi?

Mshale_Haudanganyi
Hujakosea. Ni meza haijalala sawa na mhimili ambao bledi inainamia. Hapo unanyanyua meza kidogo upande mmoja, mbele au nyuma, kwa kuweka washa (kipete cha bati) nyembamba kwenye bolti, chini ya meza. Anza na nyuma. Ikizidi kuharibika, hamishia mbele. Kisha rudi upime kwenye 90.

BiRanda
Kwa washa hiyo, kopo tupu la soda, lile la alumini. Likate kwa mkasi, unene wake ni kama karatasi yako ileile. Vaa glavu, kingo zake zinakata kuliko bledi.

MbaoMbili
Naenda kunywa soda.