Re: Nguo kuota ukungu, nyumba ya Shangani ikifungwa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumba ya Shangani inafungwa Desemba hadi Juni. Kabati ni la MDF (mbao za unga uliobanwa kwa gundi), limeegemea ukuta wa upande wa bahari. Kanzu, kanga na viatu vya ngozi vinaota ukungu kila msimu wa mvua. Dawa ya nondo na mkaa havikusaidia. Tufanyeje?
(Muscat)

---

Wa alaykum salaam dada. Dawa ya nondo ni ya wadudu, na mkaa unavuta harufu zaidi kuliko maji. Tazameni ukuta kwanza. Tofali za mchanga wenye chumvi huvuta maji hewani hata mvua isiponyesha, na mgongo wa kabati unaougusa ukuta hauna pa kukaukia.

Kipimo chake: bandika ukutani nailoni ya futi moja kwa futi moja, ziba kingo zote kwa selotepu, ngoja siku mbili. Matone yakikaa upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani; msipake rangi ya mafuta hapo, itavimba na kubanduka. Yakikaa upande wa chumbani, tatizo ni hewa.

Kwa vyovyote, fundi alisogeze kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, aliinue kwa miguu, atoboe matundu mgongoni, chini na juu, ayafunike kwa wavu wa mbu. Matundu ya juu peke yake ni kazi bure, hewa haina pa kuingilia. Kila palipokatwa papakwe vanishi mara mbili. MDF hunywa maji kwenye kingo.
(Mtwara)

---

Nakubali kwa nyumba yenye watu, kaka. Ikifungwa miezi sita, matundu yanaingiza hewa ileile mbichi. Kabati liachwe tupu, milango wazi, nguo ziende kwenye masanduku ya plastiki yenye mfuniko wenye mpira wa kuziba hewa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kanzu zifuliwe zisitiwe dondo, kwa kuwa dondo ni chakula cha ukungu. Zianikwe zikauke kabisa, zipigwe pasi, zipoe walau saa nzima. Zikifungwa za moto, mvuke unabaki ndani. Mfungie mchana wa jua, saa sita hadi saa tisa. Sanduku la lita 50 litiwe silika jeli (punje za kuvuta unyevu) gramu 100 au zaidi. Ile ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba. Ikaushwe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, irudishwe. Kalsiamu kloraidi inavuta maji mengi kuliko hiyo, ila inayeyuka kuwa maji ya chumvi yanayokula chuma na kuharibu ngozi. Isikae na viatu.

Ukungu uliopo upigwe brashi nje, mtu amevaa barakoa. Mbao zipakwe siki nyeupe isiyochanganywa na maji, ziachwe kwa saa moja, kisha zifutwe zikauke. Tafadhali sana, siki isikutane na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: inatoka gesi ya sumu. Viatu vifutwe kwa spiriti na maji nusu kwa nusu, vikauke kivulini. Jua hupasua ngozi.
(Lindi)

---

Nyongeza moja. Anayekuja kufungua madirisha aje saa tano, afunge saa kumi, tena siku ya jua tu. Akifungua alfajiri anaingiza unyevu mwingi kuliko anaoutoa.
(Mtwara)