Ushauri: kuna mteja ananitia usingizi. Nilipie kozi ya saikoanalisia au niachane nayo?

Mnasihi_Bandani

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, mwaka wa sita kazini, hospitali moja ya mkoa. Kliniki yangu ni Jumanne na Alhamisi. Chumba nagawana na mtu wa lishe, kwa hiyo watu wananililia chini ya bango la makundi ya vyakula. Chuoni nilifundishwa zaidi tiba ya fikra na tabia: mnalikamata wazo linalomwangusha mtu, mnalipima, anaondoka na kazi ya kufanya nyumbani. Sina ugomvi nayo, inasaidia watu.

Sasa kuna mama mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane). Aliletwa kwangu na maumivu ya kichwa, vipimo vyote safi. Anawahi, anajibu kila ninachouliza, fomu ya nyumbani anairudisha imejazwa kwa mwandiko mzuri. Na kila akikaa kama dakika kumi, usingizi unanishika. Saa tatu asubuhi, nimelala vizuri, chai nimekunywa, lakini kope zinakuwa nzito mpaka najifinya paja chini ya meza. Akiingia mteja anayefuata, usingizi umeyeyuka.

Nilimweleza mwenzangu, akacheka, akasema nihamie kwenye kahawa.

Kuna rafiki kanitumia tangazo la kozi ya mtandaoni kutoka Uingereza, inafundisha mawazo ya saikoanalisia, ile tiba ya mazungumzo ya Freud inayotafuta yaliyojificha akilini bila mtu kujua, kwa watu wa afya ya akili walio kazini. Wiki 30, kila Jumatano jioni, nusu mhadhara na nusu kikundi cha kujadili kesi. Ada ukibadilisha inakaribia milioni tatu. Mke wangu kauliza swali moja tu: "Ukimaliza, mshahara unapanda?" Haupandi.

Kuna aliyewahi kusoma kitu kama hiki? Kinafaa kwa wagonjwa wetu hawa, au ndiyo yale ya Freud na kochi? Nawasilisha.

Kijiko_cha_Mbao

Mkuu, saikoanalisia mimi nimekutana nayo kwenye fasihi ya Kiswahili, mwaka wa pili. "Ung'amuzi bwete", yaani yale ya akilini ambayo mwenyewe huyajui. Tulimchambua mhusika wa riwaya mpaka tukahitimisha shida yake ni mama yake. Hospitalini sijui itakufaa nini, ila pole na usingizi.

Sista_Wodi_Namba_Tatu

Kijiko, tuache kidogo tuongee.

Mdogo wangu, mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nakaribia kustaafu. Kwanza kapime sukari na damu, nisije nikakupa falsafa kumbe una upungufu wa damu. Lakini usingizi unaokuja kwa mtu mmoja na kuondoka naye, huo una jambo. Zamani wachambuzi, yaani watabibu wa saikoanalisia, walihesabu hisia za mtabibu kuwa doa lake mwenyewe, akajisafishe. Mwaka 1950 mchambuzi Paula Heimann, pale London, akaandika makala fupi akasema hapana, kinachoamka ndani yako mbele ya mgonjwa ni chombo cha kumwelewa. Ukikitumia kwa pupa utamtwika mgonjwa mizigo yako, ndiyo maana kinahitaji mtu wa tatu wa kukusikiliza.

Na upande wa mgonjwa, sisi tunao ushahidi mdomoni kila siku ila hatuusikii. Nilikuwa na mzee ananiita "mwanangu". Nikaona ni adabu tu ya kawaida, ndiyo lugha yetu. Siku moja nikachelewa dakika ishirini kwa sababu ya mkutano. Nilipoingia akasema, taratibu kabisa, "Hata yule wa kwanza alianza hivihivi." Alikuwa na mtoto aliyekwenda mjini, akaanza kuchelewa kupiga simu, mwisho akanyamaza. Miezi minne nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha huyo mtoto bila kujua. Tangu hapo mtu akiniita mama, dada au shangazi, naitika, halafu moyoni najiuliza: shangazi yupi?

Mchawi_wa_Uzi

Acha niwe mbaya wenu. Kliniki ina watu arobaini, mtu katoka kijijini kwa nauli ya kukopa, anakuja mara mbili harudi. Saikoanalisia yenyewe ni mara nne au tano kwa wiki, miaka na miaka. Nani hapa ataiweza? Milioni tatu ni bati za nyumba nzima. Mke wako ana akili kukushinda.

Nyali_Pwani

Habari zenu kutoka Mombasa. Mchawi ana hoja, lakini amechanganya mambo mawili. Hayo ya mara nne tano kwa wiki ni uchambuzi kamili, na anayetaka kuwa mchambuzi lazima kwanza yeye mwenyewe achambuliwe hivyo kwa miaka, kisha aone wagonjwa wake chini ya msimamizi. Kozi ya wiki 30 haikufanyi mchambuzi, na usije ukabandika hivyo mlangoni. Inakupa mawazo ya kutumia ndani ya kazi uliyo nayo.

Na hayo mawazo hayahitaji kochi. Miaka ya 1950 wachambuzi Michael na Enid Balint, katika Kliniki ya Tavistock, London, walikuwa wakikutana na madaktari wa kawaida wa mitaani, wale wenye foleni na dakika chache kwa kila mgonjwa. Hakuna karatasi: daktari anasimulia mgonjwa anayemsumbua, wenzake wanamsaidia kuona kinachoendelea kati yao wawili. Vikundi vya Balint vipo mpaka leo.

Kuhusu kama inatibu: mwaka 2015 ulitoka utafiti wa hapohapo Tavistock, watu 129 wenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) sugu iliyokwisha kushinda tiba nyingine. Waliopewa tiba ya mkondo huu walionwa mara moja kwa wiki kwa miezi 18. Tiba ilipokwisha tofauti ilikuwa ndogo. Miaka miwili baadaye, asilimia 44 yao hawakuwa tena na vigezo vya sonona kubwa. Kwa waliopata huduma ya kawaida peke yake, asilimia 10. Kwa hiyo ni dawa ya polepole, na wengi bado hawakupona kabisa. Usimuuzie mtu muujiza.

Mambo ya mfukoni sasa. Sisi Kenya tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, na hata hivyo kabla ya kulipa nauliza kwa maandishi kama alama za mafunzo ya kujiendeleza kikazi zitahesabiwa. Nawe uliza huko kwenu. Halafu angalia saa: Waingereza hurudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo kipindi cha saa mbili na nusu usiku kwako kitakuwa cha saa tatu na nusu mpaka Machi. Kwa mtu anayesinzia saa tatu asubuhi, fikiria.

Jirani_Kampala

Mnaongea kama haya mambo yote yalizaliwa London yakaletwa kwa meli. Mary Ainsworth, yule wa mahusiano ya mtoto na mlezi, aliyefanya kazi na John Bowlby ambaye alikuwa mchambuzi, alianzia huku kwetu. Mwaka 1954 na 1955 alizunguka vijiji vya jirani na Kampala akitembelea familia 26, amekaa sebuleni na mkalimani, anaangalia mtoto anavyomtambaia mama na anavyolia mama akitoka. Jaribio lake maarufu la Baltimore, Marekani, la kuangalia mtoto anavyofanya mama akitoka na kurudi, lilikuja baadaye. Kitabu cha kazi ya Uganda kilitoka 1967. Mkuu, ukiingia darasani usijikunyate nyuma kama mgeni.

Mti_Mkavu

Nilisoma kozi ya namna hiyo miaka mitatu iliyopita, ya chuo kingine. Mihadhara ilikuwa ya kupanda na kushuka. Winnicott alinifaa sana, alikuwa daktari wa watoto na unamwona kabisa mtu aliyeshika watoto kwa mikono. Wiki mbili za Lacan, yule mchambuzi Mfaransa, sikuambulia kitu na sioni aibu kusema. Pesa yangu ilirudi kwenye kikundi cha kesi.

Lakini kuna shida hawakutangazii: lugha. Unamleta mtu aliyesema "roho inaniuma" na "mwili umekufa ganzi", ukishaipeleka kwenye Kiingereza inabaki huzuni na uchovu. Mgonjwa wako kafa njiani. Mimi nikaanza kuyasoma maneno yake kwa Kiswahili kwanza, watu wote wasikie sauti hata kama hawaelewi, ndipo nieleze.

Na mara nyingine ugeni wao ulinisaidia. Nilimleta kijana aliyekuwa anasema kila wiki "nina mawazo". Kwetu hiyo imekwisha, mtu ana mawazo, unaandika msongo, mnaendelea. Nikaitafsiri neno kwa neno, na mwalimu, mama wa Kiskoti, akauliza kwa unyofu kabisa: "Mawazo gani?" Nikakaa kimya. Wiki saba sikuwahi kumuuliza. Nilipomuuliza, yule kijana alinitazama muda mrefu, akasema kila usiku anawaza kama baba yake alijua kuwa yeye aliiona simu ya baba ikiita akaamua kutopokea.

Jingine: unasimulia kesi ukiwa wapi? Mimi nilikuwa nakaa ndani ya gari, madirisha juu, spika za masikioni. Nyumba zetu dari ziko wazi juu, jirani anasikia kila kitu. Na mji wenyewe mdogo, badilisha kazi, umri, idadi ya watoto, mpaka hata mwenyewe akisikia asijitambue.

Mchawi_wa_Uzi

Hiyo ya simu imenigusa. Ila bati ni bati.

Sista_Wodi_Namba_Tatu

Mnasihi, kabla ya milioni tatu, jaribu hiki ambacho ni bure. Mama huyo akija tena usipigane na usingizi. Angalia saa usingizi unapoingia, na andika neno alilokuwa anasema wakati huo.

Mnasihi_Bandani

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya cha wiki mbili. Sukari na damu viko sawa.

Sista, nimefanya ulivyosema, mara mbili. Mara zote mbili usingizi uliingia alipofika kwa mdogo wake wa kiume aliyekuwa anamlea. Sauti inakuwa tambarare, kama mtu anasoma risiti ya duka. Anamaliza, anarudi kwenye kichwa kinavyomgonga, na mimi nazinduka. Alhamisi sikumpa fomu. Nikamwambia, "Mama, turudi kidogo kwa mdogo wako." Akanyamaza. Akauliza kama anaweza kunywa maji. Akanywa glasi nzima, akasema muda umekwisha, na kweli ulikuwa umebaki dakika moja. Kaomba kuja tena Jumanne.

Kozi sijalipa. Nimewaandikia kuuliza kama wana punguzo kwa watu wa nchi zetu, nasubiri. Wakati huohuo tuko watatu, mimi, daktari mmoja wa zahanati na mwalimu wa malezi wa sekondari, tunakutana Ijumaa saa kumi jioni kwenye chumba changu, hakuna anayekuja na karatasi. Mtu wa lishe kauliza kama naye anaruhusiwa.

Mti_Mkavu

Mruhusu. Halafu Jumanne utuambie.