DT 125 kupanda Amani wakati wa masika: upepo wa tairi na utelezi

Mgosi_wa_Mlimani:
Wakuu, salaam. Mwezi wa nne napanda Hifadhi ya Amani, milima ya Usambara Mashariki kule Tanga, kutokea Muheza, kupitia Kisiwani na Zigi, halafu niendelee Kwamkoro. Pikipiki ni Yamaha DT 125 ya zamani, breki za dramu, tairi za kashata (zenye meno makubwa ya matope): mbele 2.75-21, nyuma 4.10-18, zote za tyubu. Begi la kilo 15 nyuma. Nishushe upepo hadi ngapi? Na ule udongo mwekundu ukilowa unaendeshwaje?

Fundi Spoki:
Barabara ikiwa kavu weka psi 20 mbele na 24 nyuma. Ukianza utelezi shusha hadi 14 mbele na 17 nyuma. Usiende chini zaidi, una mzigo, na ndani ya yale matope kuna mawe na mizizi ya kupinda rimu.

Hatari ya upepo mdogo ni tairi kuzunguka juu ya rimu. Linaburuta tyubu, valvu inalala, mwishowe inang'oka kwenye shina, na hapo hakuna kiraka kinachoshika. Ile nati ndogo ya valvu usiikaze kwenye rimu, ipandishe juu karibu na kifuniko. Valvu ikianza kuinama utaiona mapema: toa upepo, rudisha tairi mahali pake, jaza tena.

Tyubu ya akiba beba ya 21. Kwa dharura unaikunja kidogo inaingia hata kwenye 18.

Kashata Mpya:
Malori ya chai yanachimba mifereji mirefu huko. Chagua mmoja ukae humo humo. Anayetaka kuhama katikati ndiye anayelala chini. Simama, magoti yabane tangi, gia ya pili, mafuta kidogo yasiyobadilika, macho mita kumi mbele. Gia ya kwanza inazungusha tairi bure.

Ikizama hadi ekseli usiendelee kuvuta mafuta, unachimba kaburi. Funga koki ya petroli, laza pikipiki ubavu, jaza shimo kwa mawe na matawi yaliyoanguka (usikate, ile ni hifadhi), inua, toka ukiisukuma kwa pembeni. Klachi usiishike nusu nusu, sahani zinaungua upesi.

Mteremko ndio mgumu kuliko kupanda. DT inachoma oili pamoja na petroli, injini yake haizuii sana ukiachia mafuta. Gia ya kwanza, breki ya nyuma kwa kugusagusa, ya mbele uisahau kwenye kona.

Mgosi_wa_Mlimani:
Shukrani wakuu. Na vijito?

Fundi Spoki:
Pima kwa miguu kwanza. Maji yakivuka ekseli, zima na usukume. Ukitoka, tembea kidogo huku umebana breki taratibu, dramu zikauke.

Injini ikinywa maji usipige kiki! Funga koki, toa plagi, isimamisheni pikipiki kwa tairi la nyuma watu wawili maji yatoke kwenye ekzosi, kisha piga kiki bila plagi hadi isiteme tena. Mwaga bakuli la kabureta, kamua filta ya hewa. Oili ya gia ikiwa nyeupe kama maziwa, badilisha kabla ya kuendelea.

Kashata Mpya:
Cheni pia: iache icheze milimita 35 hivi ukiwa umeshafunga mzigo. Matope yakijaa kwenye sproketi cheni inakaza yenyewe. Na pale geti la Zigi uliza njia zinazoruhusiwa pikipiki, zile za miguu ni za miguu.