Bwawa la mayungiyungi uani: zege au plastiki, na mbu je?

Mkazi wa Goba
Ndugu zangu, salaam. Nyuma ya nyumba yetu hapa Goba, Dar es Salaam, chini ya mwembe, kuna eneo ambalo nyasi zimekataa kuota, nami ningependa kulifanya bustani ya maji yenye mayungiyungi, mafunjo na samaki wachache. Fundi ananishauri nijenge kwa zege, ilhali jirani anasema plastiki nzito ya mabwawa inatosha. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, hataki kusikia habari hiyo kwa sababu ya mbu. Naomba ushauri.

Shamba la Uani
Ndugu, kabla hujachagua kati ya zege na plastiki, toka kwanza chini ya huo mwembe. Yungiyungi huhitaji jua la moja kwa moja kwa saa tano au sita kila siku, vinginevyo utapata majani matupu. Na majani ya mwembe yakianguka majini huoza, yakamaliza hewa wanayoitegemea samaki.

Mimi ningechukua plastiki. Tuseme bwawa lina urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 60, yaani lita 1,800 za maji: chukua urefu, jumlisha kina mara mbili, kisha ongeza sentimita 30 kila upande za kukandamizia kwa mawe, na upana ufanye vivyo hivyo, utahitaji kipande cha mita 3.8 kwa 3.3. Chini yake tandika mchanga laini au mazulia chakavu ili isitobolewe. Upande mmoja acha ngazi ya kina kifupi kwa ajili ya mafunjo, au hata magimbi ukipenda kula ulichopanda. Yungiyungi lipandwe kwenye karai lenye udongo wa mfinyanzi uliofunikwa kokoto, bila samadi mbichi, kwani mbolea ikivuja hulisha mwani na maji yatakuwa ya kijani kabla hujaliona ua la kwanza. Ukilipata lile la buluu la huku kwetu, ambalo wataalamu wa mimea waliliita Nymphaea zanzibariensis, usihangaike na ya kuagizwa. Gugu maji usilipande hata likupendeze vipi. Yaliyotokea Ziwa Victoria yanatosha.

Mwashi Mstaafu
Kuhusu mwembe naafiki, kuhusu plastiki sikubali. Panya huitoboa, na jua huichosha pale inapobaki wazi juu ya maji. Zege lenye nondo hudumu, mradi mwenye nyumba awe na subira: saruji mpya hutoa chokaa inayoyafanya maji kuwa makali kwa samaki, kwa hiyo jaza, acha wiki moja, mwaga, na urudie mara kadhaa. Wengi huiruka hatua hii, kisha wakamlaumu muuza samaki.

Mama Maua
Mama mkwe ana hoja. Mbu wa malaria hupenda maji safi yaliyotulia, na kwa joto la Dar es Salaam yai huweza kuwa mbu ndani ya wiki moja au mbili. Dawa yake ni samaki wadogo aina ya gapi, ambao hula viluwiluwi. Perege nao huvila, lakini wakikua huchimbua makarai yako. Maji ya bomba yaache wazi siku mbili klorini ipungue kabla ya kuwatia samaki. Majani yakifunika zaidi ya theluthi mbili ya uso wa maji yapunguze, maana yakisongamana samaki hawavifikii viluwiluwi. Vipo pia viuadudu vya kibayolojia vinavyotengenezwa Kibaha. Mbu wa dengue wao huzaliana sana kwenye visahani vya vyungu na matairi, kwa hiyo ukaguzi uanzie huko. Kinachonitia hofu zaidi ni watoto: je, wapo wadogo hapo nyumbani?

Mkazi wa Goba
Wapo wawili, mkubwa ana miaka minne. Je, nikianza na nusu ya pipa la lita 200, upande wa mbele kwenye jua?

Mama Maua
Inafaa kwa yungiyungi moja dogo na gapi wachache. Hata hivyo, funga wavu wa chuma juu ya maji, wenye matundu ya kupitisha majani, kwa sababu mtoto wa miaka minne anajua kuvuta kiti. Shimo lichimbwe watakapokua.