Wikendi moja tu: Six Flags Qiddiya ya Riyadh au Yas ya Abu Dhabi?

Baharia_Mutrah (Muscat)
Assalaam alaykum wapenzi wa rolakosta, hizi treni za kasi za bustani za michezo. Naomba shauri la watu waliokwishapanda, maana matangazo nimeyasoma hadi macho yanauma. Nina wikendi moja na siku moja ya likizo juu yake. Niwapeleke watoto Six Flags Qiddiya City, ile bustani ya michezo iliyofunguliwa nje ya Riyadh tarehe 31 Desemba 2025, au turudi Yas, kisiwa cha bustani za michezo cha Abu Dhabi, kama tulivyozoea? Kijana wangu ana miaka 15 na usiku na mchana wimbo wake ni Falcons Flight, rolakosta kubwa ya Qiddiya. Binti ana miaka 7. Mama yao hapandi kitu chochote kinachopinduka.

Mimi Formula Rossa, rolakosta ya kasi ya Yas, nimeipanda tangu bustani yake ya Ferrari World ilipofunguliwa mwaka 2010 na naipenda mpaka leo. Kwa hiyo sihitaji kushawishiwa kuhusu kasi. Ninachotaka kujua ni hiki: ukiiondoa Falcons Flight, Qiddiya inabaki na nini?

Nyundo_ya_Reli (Riyadh)
Waalaykum salaam mzee wangu. Nimekwenda mara mbili, na nitakujibu hilo swali, lakini huwezi kuiruka Falcons Flight hivi hivi. Ngoja nikueleze tofauti yake na Formula Rossa, kwa sababu wengi wanadhani ni kilomita 10 tu zimeongezwa, kutoka 240 kwa saa hadi 250.

Formula Rossa ni teke moja. Mtambo wa haidroliki unavuta kebo, na ndani ya sekunde 4.9 umeshafika kasi yote. Umevaa ile miwani wanayokupa kwa ajili ya mchanga, mashavu yanapepea, na kuanzia hapo kasi inapungua tu. Falcons Flight haina teke. Ina mifyatuko mitatu ya sumaku, na kila mmoja unajenga juu ya uliotangulia. Unapandishwa jabali la Tuwaiq, unafika ukingoni, bonde lote liko mbele yako, kisha reli inakutumbukiza chini ya genge. Huko bondeni ndiko mfyatuko wa mwisho unakokukamata, halafu kinakuja kile kilima kikubwa cha reli. Pale juu nilinyanyuka kitini nikabaki ninaelea mpaka nikaanza kusema shahada. Njia nzima inapita kilomita 4, mara mbili ya Formula Rossa. Nilishuka miguu inatetemeka, na kuna baba mmoja kando yangu, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa analia kwa furaha.

Ushauri: treni yake inabeba watu wachache, kwa hiyo ianze mapema kabla hujagusa kitu kingine.

Shangazi_wa_Yas (Abu Dhabi)
Kaka Baharia, vijana hawa watakuvuta kwenye kasi, na mama watoto atabaki amekaa kwenye benchi ameshika mabegi siku nzima. Mimi nalinganisha kwa macho ya familia. Yas una bustani nne kwenye kisiwa kimoja. Ferrari World iko chini ya paa. Warner Bros. World, iliyofunguliwa Julai 2018, yote iko ndani kwenye ubaridi. SeaWorld ya mwaka 2023 mtu asiyepanda chochote anaweza kuizunguka kutwa akiangalia samaki na pengwini, akarudi hotelini ana raha kuliko waliopanda. Leo mnakwenda hii, kesho ile, na hakuna safari ndefu katikati.

Na binti wa miaka 7 usimsahau. Sisi tuliwahi kwenda bustani moja, jina lake silitaji, tukasimama juani karibu saa nzima, tulipofika mbele mtoto akapimwa urefu akakataliwa. Alilia hadi garini. Tangu siku ile, kabla sijanunua tiketi naangalia kwanza kipimo cha urefu cha kila mchezo. Formula Rossa yenyewe inataka sentimita 140.

Mdau_Reli (Dar es Salaam)
Mkuu Baharia, mimi sijapanda hata moja kati ya hizi. Ni fundi mitambo, nafuatilia rolakosta kwa video na michoro tangu nikiwa chuo, na swali lako la "inabaki na nini" ndilo swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Inabaki na rolakosta ya Iron Rattler, na mimi ningepanda ndege kwa ajili ya hiyo peke yake. Treni inapandishwa juu, inasimama kwenye kipande cha reli kilichoishia hewani. Mbele hakuna kitu. Kipande kile kinaanza kuinama polepole pamoja na treni yake, pua inashuka, inashuka, mpaka unatazama ardhi moja kwa moja. Hapo kinakutana na reli ya chini, kinajifunga, ndipo kufuli linaachia. Za aina hii ziko chache mno duniani, na hii ndiyo ya juu kuliko zote. Kasi mwili unaizoea. Kusubiri kule juu huku unaona reli imekatika, hakuzoeleki.

Ongeza Sirocco Tower, mnara wa kuangusha watu wa mita 145 uliosimama peke yake. Ongeza Gyrospin, bembea kubwa kuliko zote za aina yake. Na kuna Colossus, rolakosta ya mbao. Mbao ina mtikisiko wake ambao chuma hakiwezi kuuiga, na ukanda huo wote hawakuwa na utamaduni wa rolakosta za mbao. Kwa orodha ya mashine, Yas haifiki hapo, nasema kwa heshima zote kwa Shangazi.

Shangazi_wa_Yas
Mdogo wangu, Flying Aces, ile rolakosta nyingine ya Ferrari World, umeisahau? Kitanzi chake kina mita 52 kwenda juu. Na ukimaliza unaingia ndani kwenye kiyoyozi. Riyadh mwezi wa saba utapanda chuma chenye moto.

Mdau_Reli
Flying Aces sijaisahau, Shangazi, naiheshimu sana. Ni ya pili Yas kwangu. Ila baada yake Ferrari World orodha inashuka haraka, wakati Qiddiya unaweza kutaja tano kabla hujapumua. Kuhusu joto nakubali bila ubishi. Qiddiya ni ya Novemba hadi Machi.

Mpanda_Chuma (Doha)
Naona hakuna aliyegusa jambo linalonisumbua mimi. Qiddiya ina sehemu sita: City of Thrills, Discovery Springs, Steam Town, Twilight Gardens, Valley of Fortune na Grand Exposition. Zote zimebuniwa upya, hakuna mhusika mtoto anayemjua kutoka kwenye runinga. Wengi wanaona ni upungufu. Mimi naona ni ujasiri, lakini binti wa miaka 7 atakuuliza "huyu ni nani?" na hutakuwa na jibu. Warner Bros. World hata kabla hajapanda kitu ameshawatambua wenyeji wake.

Kwa kijana, mpeleke sasa. Rolakosta ya Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, ya kampuni hiyo hiyo ya Six Flags, ilikuwa ya juu kuliko zote duniani tangu 2005, mita 139. Nilikuwa naweka akiba kuifuata. Ikafungwa mwaka 2024, na Februari 2025 wakaiangusha kwa baruti. Niliangalia ile video mara moja tu, siwezi kuirudia.

Baharia_Mutrah
Pole sana ndugu. Nyundo, hebu nijibu kuhusu wadogo. Nimesoma kwamba kati ya michezo 28, kumi ndiyo ya kutisha na 18 ni ya familia na watoto. Ni kweli inatosha?

Nyundo_ya_Reli
Inatosha siku moja, haitoshi siku mbili. Nilikwenda na mpwa wangu wa miaka 8. Hadi saa mbili usiku alikuwa ameridhika, kesho yake angeniuliza kuna nini kingine. Kijana wako hata siku mbili zitamwishia. Na mama anayebaki chini, Shangazi amesema kweli: Yas itamtunza vizuri zaidi.

Kwa kuingia Saudia, ninyi raia wa Oman hamna tatizo, na mkazi yeyote wa nchi za Ghuba anaomba viza ya utalii mtandaoni.

Baharia_Mutrah
Nimemsomea mama watoto uzi mzima. Alisikiliza kimya, tulipofika kwenye Iron Rattler akanizuia nisiendelee. Kasema wikendi hii niende Riyadh na kijana peke yetu, na likizo ya shule ijayo ni zamu ya binti, Yas siku tatu, na mimi nitashika mabegi. Nimekubali. Kijana ameshaanza kupima urefu wake ukutani.

Nyundo, tunafika Alhamisi usiku.

Nyundo_ya_Reli
Karibuni sana. Leteni makoti, usiku kule jangwani baridi inakata, na juu ya kile kilima inakata zaidi.